Kiwanja cha Ibada: Uhuru Wetu na Majirani Zetu Katika Historia ya Mpaka



Katika jarida la kumbukumbu kama hili tumezoea kuhesabu matawi yaliyofunguliwa, wachungaji waliotutangulia na roho zilizookolewa. Ni vizuri, na kurasa zingine zinafanya kazi hiyo. Makala hii inahesabu kitu tunachokisahau mara nyingi, nacho ni kiwanja. Kila nyumba ya ibada, iwe ya mabati au ya matofali, iwe Mella, Malaba, Tororo au Busia, imesimama juu ya udongo ambao jana ulikuwa shamba la muhogo la mtu, malisho ya ng'ombe wa mtu, au uwanja wa nyuma wa nyumba ya mtu. Yule mtu alikubalije? Ukoo wake ulisema nini? Na jirani anayelala hatua ishirini kutoka kwenye spika zetu, kuna aliyewahi kumuuliza?

Kuna mpendwa atakayesema hayo ni maswali ya imani haba: Mungu akifungua mlango, nani ataufunga? Mimi nasema tusome kwanza historia ya hapa kwetu. Inaonyesha kwamba serikali zimetupa uhuru wa kuabudu, zikatunyang'anya, zikaturudishia tena. Katika mabadiliko hayo yote, kitu kilichoamua kama nyumba ya ibada itadumu au itateketea kilikuwa mara nyingi uhusiano wake na watu wanaoizunguka.

Mpaka ulitukuta hapa

Vijana wetu wengi hawajui kwamba zamani hakukuwa na "upande wa Kenya" hapa. Hadi mwaka 1902 hata Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 mstari ukaandikwa tena kisheria huko London. Iteso wakajikuta nchi mbili. Wasamia vilevile. Mtu wa Mella akawa Mganda, na wakwe zake walio umbali wa kutembea kwa miguu wakawa Wakenya.

Kwa habari ya ibada, jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Watu wa lugha moja, wenye desturi moja za kuoa na kuzika, sasa walikuwa na serikali mbili zinazoamua ni nani ajenge kanisa na ajenge wapi. Hali hiyo haijaisha mpaka leo, kama tutakavyoona.

Misheni zilipogawana nchi

Ugomvi wa mahali pa ibada haukuletwa na spika. Kule Buganda mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana vita Mengo, na Kapteni Lugard na bunduki zake alikuwa upande wa Waprotestanti. Baada ya vita nchi ikagawanywa kwa dini: Wakatoliki wakapewa Buddu, Waislamu wakapata sehemu ndogo, na zilizobaki nyingi zikawa za Waprotestanti. Ukienda Kampala leo bado unaona alama za wakati ule: Namirembe ni ya Kanisa la Uganda, Rubaga ya Wakatoliki, Kibuli ya Waislamu. Kila mmoja na kilima chake.

Upande wa Kenya Magharibi hakukuwa na vita vya namna hiyo, lakini mgawanyo ulikuwepo. Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Mumias mwaka 1904, misheni ya Kima ikaanza 1905 na Waanglikana wakaanza Maseno 1906. Misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kila moja ikae katika eneo lake isiingilie la mwenzake. Aliyetaka kiwanja cha kanisa au shule alipita kwa DC, na baadaye kwa baraza la wenyeji pia.

Mpango huo ulipunguza fujo, tukubali. Lakini uliifunga dini kwenye udongo. Uliyezaliwa eneo la Quaker ulikuwa Quaker. Uliyezaliwa karibu na Waanglikana ulikuwa Mwanglikana. Hakuna aliyekuuliza moyo wako unasemaje.

Sisi Wapentekoste tulifika nchi ikiwa imeshagawanywa. Mwaka 1924 Otto na Marian Keller, wakifanya kazi pamoja na Pentecostal Assemblies of Canada, waliweka makao Nyang'ori, katikati ya misheni zilizotangulia. Kutoka huko injili ya ujazo wa Roho ilienea Kenya Magharibi, na katikati ya miaka ya 1930 ikavuka kuingia Uganda Mashariki. Kila tulikofika palikuwa eneo la mtu mwingine tayari. Ndiyo maana historia ya makanisa yetu mengi inaanzia jikoni kwa mama fulani, au chini ya mwembe, au kwenye boma la mzee aliyesema, "Haya, ombeni hapa, lakini msiniharibie mimea." Tangu mwanzo tulikuwa wageni waliokaribishwa. Mgeni akisahau kwamba alikaribishwa, mambo yanaanza kuharibika.

Musanda, 1934

Mfano mzito kuliko yote katika eneo letu uko Musanda, karibu na Mumias. Wapendwa wa Busia wanaijua njia ya kwenda huko.

Alfayo Odongo Mango alikuwa shemasi wa Kanisa la Anglikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uamsho wa Roho ulitokea nyumbani kwake Musanda, ukiongozwa pia na kijana wa jamaa yake aliyeitwa Lawi Obonyo. Watu walinena kwa lugha, waliimba kwa sauti kubwa, waliungama dhambi hadharani, waliona maono. Viongozi wa kanisa hawakufurahi. Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa mabishano ya kanisani tu kama mengine.

Lakini Musanda ilikuwa na jambo la pili. Mango alikuwa pia msemaji wa Wajaluo wa Kager, waliokuwa wakidai ardhi katika nchi iliyotawaliwa na machifu wa Wanga. Kwa hiyo boma lile la ibada lilitazamwa kwa macho mawili. Wafuasi waliona mahali Roho aliposhuka. Majirani wengi waliona kambi ya watu wanaotaka kuwanyang'anya mashamba. Ngoma na nyimbo za usiku, ambazo kwa waumini zilikuwa sifa kwa Mungu, kwa masikio ya ng'ambo ya ua zilisikika kama matayarisho ya vita.

Januari 1934 umati ulivamia boma hilo na kuchoma nyumba. Mango aliuawa, Lawi Obonyo aliuawa, na wafuasi wengine pamoja nao. Makanisa ya Roho yanayomkumbuka Mango kama shahidi wa imani yapo mpaka leo.

Tusome habari hii taratibu, kwa maana ina mafunzo mawili yanayovutana, na ni rahisi kushika moja na kuliacha lingine. La kwanza: hakuna hasira ya jirani inayohalalisha kuchoma nyumba ya mtu akiwa anaomba. Waliouawa Musanda hawakustahili kuuawa, iwe mtu anakubaliana na mafundisho yao au hakubaliani. Ukiwaachia umati kazi ya kuamua nani aabudu wapi, umewapa kiberiti. La pili: mzozo wa ardhi ukichanganyika na ibada, hakuna tena anayeweza kuvitenganisha. Kila wimbo unakuwa dai la shamba. Kila mwenye shamba anakuwa adui wa wimbo.

Ninapoona leo kanisa limejengwa kwenye ardhi ambayo ndugu wawili bado wanaipigania kortini, huku mmoja wao ndiye aliyetupa, naikumbuka Musanda.

Serikali inapoogopa mkusanyiko

Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyekuwa kiongozi chini ya misheni ya Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh, na makao yake yakawa karibu na Nyang'ori kwenyewe. Kanisa hilo likajulikana kwa mavazi meupe, bendera, ngoma na maandamano ya barabarani. Ibada ilitoka nje ya kuta ikaenda njiani. Wengine walicheka, wengine walinung'unika, lakini ilizoeleka. Leo Kenya Magharibi mtu akisikia ngoma hizo Jumapili anajua ni nini, anapisha njia, anaendelea na safari yake.

Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde haikupata mazoea hayo. Haikuwa imani yetu, tuseme wazi. Iliwataka watu warudi kwa mila za mababu na iliwapinga wazungu na misheni zao. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake uliokusanyika Malakisi, si mbali na mpaka wetu, na watu 11 wakauawa. Kisha dini hiyo ikapigwa marufuku. Kwa nini niitaje katika jarida la walokole? Kwa sababu sheria inayompiga jirani yako marufuku leo inajifunza njia ya kuja kwako kesho. Na kwa kweli ilikuja.

Miaka ya Amin

Wazee wetu wa upande wa Uganda hawahitaji kufundishwa sehemu hii. Ni kwa ajili ya vijana ninaiandika.

Mwaka 1973 Idi Amin alipiga marufuku makundi kadhaa ya dini. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda akauawa. Septemba mwaka huo huo serikali ikatangaza kupiga marufuku mashirika 27 ya dini kwa pamoja, ikisema ni hatari kwa usalama wa nchi. Wapentekoste walikuwemo, Wabaptisti walikuwemo, Jeshi la Wokovu, Waadventista. Walioruhusiwa ni Kanisa la Uganda, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waislamu. Mwaka 1978 wanajeshi walivamia ibada ya Full Gospel pale Makerere, Kampala, wakawakamata waumini wengi.

Fikiria maana yake kwa kanisa la kijijini. Usiku mmoja kiwanja chako kinaacha kuwa kanisa. Jengo lipo, mabati yapo, viti vipo, lakini ukiingia kuomba umevunja sheria. Ibada zikarudi zilikoanzia: jikoni, chumbani, shambani wakati wa palizi. Watu waliimba kwa midomo bila sauti. Wengine walivuka kuingia Kenya.

Hapa kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha tunapotoa ushuhuda wa miaka ile. Kijijini hakuna siri. Nyumba zimekaribiana, watoto wanaingia na kutoka, mbwa wanabweka wageni wakija usiku. Watu kumi wakikutana kuomba kwa miezi mingi katika nyumba moja, jirani anajua. Jirani Mkatoliki alijua. Jirani Mwislamu alijua. Jirani asiyekwenda popote Jumapili alijua pia. Neno moja tu kwa askari lingetosha kuumaliza ushirika wote. Pale ambapo kikundi kilivuka salama mpaka Amin alipoanguka Aprili 1979, kilivuka kwa neema ya Mungu, na sehemu ya neema hiyo ilikuwa mdomo wa jirani uliobaki umefungwa.

Basi tukisema leo kwamba majirani hawana neno katika mambo ya kanisa letu, tunawasahau waliotuficha.

Kutoka pwani: mnara na saa

Kabla ya kurudi nyumbani, tuchukue mfano mmoja wa mbali kidogo, kutoka pwani, ambako Ukristo ulilazimika tangu mwanzo kukaa kati ya Waislamu. Hata sisi mjini Busia tunaishi hivyo, adhana upande huu na mkesha upande ule.

Juni 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alifunga soko la watumwa la Mkunazini, kwa kubanwa na Waingereza. Krismasi ya mwaka huo huo misheni ya Kianglikana ikaweka jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni, na Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Hebu fikiri: kanisa la wageni, katikati ya mji wa Kiislamu, juu ya soko ambalo matajiri wa mji ndio kwanza wamelipoteza. Lingeweza kuwa jipu. Lakini wenyeji wa Zanzibar wanasimulia kwamba Sultani alitoa saa ya mnara, na akaomba mnara usizidi urefu wa jumba lake. Na Steere mwenyewe alikuwa mtu aliyejifunza Kiswahili cha watu wale kwa miaka mingi, akakiandikia vitabu. Kanisa lile limesimama mpaka leo. Vilevile Mombasa, kanisa kuu la Kianglikana lililomalizika mwaka 1905 lilijengwa kwa kuba na matao ya namna ya pwani, ili mji usilione kama kitu kigeni.

Je, Injili ilipungua kwa sababu mnara haukwenda juu zaidi? Waliookolewa hapo hawakupima mnara.

Leo: katiba mbili, saa mbili

Leo tuna uhuru ambao wazee wetu hawakuuota. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 29, inalinda uhuru wa kila mtu kufuata dini yake, na kifungu cha 7 kinasema nchi haitakuwa na dini ya serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hivyo hivyo katika vifungu vya 32 na 8, na inaongeza wazi kwamba mtu anaweza kuabudu peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani. Tuvijue vifungu hivi kwa namba, maana siku chifu au mwenyekiti wa LC1 akikuambia "hapa hatutaki walokole", ndivyo utakavyomjibu kwa heshima.

Lakini katiba hizo hizo zinampa jirani haki ya mazingira safi yenye afya, na kelele ni sehemu ya mazingira. Na hapa mpaka wetu una kichekesho chake. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 zilihesabu mchana kuwa mpaka saa 4 usiku, na kwa nyumba za kuishi zikaweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zilihesabu usiku kuanzia saa 2, na kiwango cha usiku kilikuwa desibeli 35. Kwa hiyo krusedi ikifanyika Mella saa 3 usiku, kwa kanuni zile za mwaka 2003 bado ni mchana. Sauti ikivuka shamba moja la mahindi imeshaingia usiku wa Kenya. Spika haina kitambulisho, haisimami kwenye kituo cha mpakani. Mama mwenye mtoto mgonjwa upande wa Kenya ataenda kulalamika wapi, wakati ofisi ya mazingira ya nchi yake haina mamlaka ng'ambo? Amebaki na sisi tu. Sisi ndio ofisi yake.

Tujue pia kwamba serikali za eneo hili zinatazama. Baada ya vifo vya Kanungu mwaka 2000 kule Uganda, na vya Shakahola mwaka 2023 kule Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, kila kanisa lisilo na jina kubwa linatiliwa shaka. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali pekee, ikitaja usalama wa majengo, usafi na kelele, kisha ikatunga sheria inayomtaka kiongozi wa kanisa awe na elimu ya theolojia. Mwaka 2024 ikafunga maelfu mengine. Kufungia makanisa mengi kwa mkupuo namna ile ni hatari kwa uhuru, nami sitaki kuona hivyo hapa kwetu. Lakini tujiulize kwa nini watu wengi wa kawaida hawakulia makanisa yalipofungwa. Kanisa ambalo jirani analiona kama adha, siku askari wakija, jirani hatatoka nje kulitetea. Yule wa mwaka 1977 alinyamaza ili kutuficha. Huyu wa leo atanyamaza ili tuondoke.

Tumtii nani?

Najua hoja itakayoletwa: mitume waliliambia baraza kwamba kumtii Mungu kunatangulia kuwatii wanadamu (Matendo 5). Ni kweli na amina. Lakini mitume walikuwa wameagizwa wasilitaje kabisa jina la Yesu. Hilo ndilo lililowapata wazee wetu chini ya Amin, na waliomtii Mungu wakati ule walifanya vyema. Jirani anayesema "pasta, punguza sauti, mtoto ana mtihani kesho" hajakukataza jina la Yesu. Tukimjibu kwa Matendo 5 tunawavunjia heshima wale walioteseka kwa ajili ya mstari huo.

Na upande wa pili wapo majirani wanaotumia kelele kama kisingizio, wakati shida yao ni sisi kuwepo. Hapo tusirudi nyuma. Jirani ana haki ya kuuliza juu ya sauti, njia ya magari, choo na mipaka ya shamba. Hana haki ya kutuchagulia imani, wala kutufukuza kwa sababu kabila letu au kanisa letu si la kwao. Tukishapunguza sauti, tukajenga choo, tukaonyesha karatasi, atakayeendelea kupiga kelele tutajua anapinga nini, na sheria tutakuwa nayo upande wetu.

Viwanja vyetu

Kutokana na historia hii nawaomba wazee wa matawi yote, Uganda na Kenya, wafikirie mambo machache tunapoingia miaka inayokuja.

Kwanza, kiwanja kisipokelewe gizani. Mzee akiguswa na Neno akatoa kipande cha shamba, tumshukuru, halafu tumwite mke wake, watoto wake wakubwa, wazee wa ukoo na majirani wa mipakani, na mwenyekiti wa LC1 au wa nyumba kumi awe shahidi. Ardhi nyingi upande wa Tororo ni ya kimila. Kauli ya mtu mmoja haitoshi. Abrahamu alinunua pango la Makpela mbele ya watu wote langoni mwa mji (Mwanzo 23). Mtoaji akifariki bila maandishi, kanisa linageuka kesi, na mjane wake ndiye anayebaki katikati akitukanwa na pande zote.

Pili, tulipe panapostahili kulipwa. Arauna Myebusi alikuwa tayari kumpa Daudi kiwanja chake bure kabisa. Daudi alikataa, akalipa (2 Samweli 24). Juu ya kiwanja hicho Sulemani alijenga hekalu (2 Nyakati 3). Tusijenge hekalu juu ya deni la mtu.

Tatu, tuulize kabla ya kuchimba msingi. Kuna makaburi ya ukoo hapo? Kuna shule au zahanati karibu? Kuna kanisa jingine au msikiti ukutani? Kuuliza hakumaanishi kwamba jibu lazima liwe hapana. Mara nyingi jibu ni "jengeni, lakini mlango uelekee kule."

Nne, kwa kuwa sisi ni ushirika wa mpakani, tuchukue saa iliyo kali zaidi. Saa 2 usiku ikifika, spika za nje zizimwe hata Mella, ingawa sheria ya pale ilitoa saa mbili zaidi. Mkesha uendelee ndani kwa sauti zetu wenyewe. Waliomba hivyo miaka ya Amin, na Mungu alisikia.

Isaka alichimba visima katika bonde la Gerari. Cha kwanza wachungaji wa pale walikigombania, akakiita Eseki. Cha pili wakakigombania, akakiita Sitna. Hakukaa hapo kupigana ingawa watumishi wake ndio waliochimba. Alisonga mbele, akachimba cha tatu, na hicho hakikuwa na mgomvi. Akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi (Mwanzo 26). Baadaye kidogo katika sura hiyo hiyo, wale wale waliomfukuza walimfuata wenyewe kutaka mapatano, wakala na kunywa pamoja naye.

Wapendwa, tunapokata keki ya maadhimisho haya, matawi yetu yanakaa juu ya visima vya namna zote tatu. Kila tawi linajua lake ni kipi. Palipo na Eseki, wazee waende kwa jirani wiki hii kabla ya Jumapili, na waende bila kipaza sauti.

Bwana awabariki, Uganda na Kenya.